Shairi gazetini, hadithi shindanoni, au vyote ng'ambo? Ulinganisho wa mtunzi aliyekataliwa sana

Mwaka juzi nilikuwa na kazi mbili mkononi, zote zimekamilika, zote kwa Kiswahili. Ya kwanza shairi la tarbia (mistari minne kwa kila ubeti), beti saba, juu ya kivuko cha Pangani na watu wanaokingoja. Ya pili hadithi fupi ya maneno 3,400 juu ya mama muuza mihogo wa Tanga aliyenunua belo la mitumba, na ndani ya belo mkawa na jini. Nikafungua daftari, nikaandika milango yote ninayoijua: gazeti, mkusanyo wa hadithi za shule, shindano, jarida la mtandaoni la Kiingereza. Kisha nikakwama pale pale wanapokwama watunzi wenzangu wanaonipigia simu: nipeleke wapi?

Wengi hulinganisha kwa malipo, wengine kwa sifa. Mimi, baada ya miaka tisa ya kutuma na kurudishiwa, huanza na jambo jingine: kazi ikishatoka pale, nitabaki na nini cha kupeleka kwingine? Kazi ya kubuni ni kama mwali, hutolewa nje mara moja. Majarida na mashindano karibu yote yanataka kazi ambayo haijatoka popote, na "popote" yao ni pana kuliko tunavyodhani. Ukiiweka Facebook, imetoka. Ukiibandika kwenye blogu yako yenye wasomaji kumi na wawili, wanane kati yao ndugu zako, imetoka. Nililijua hilo kwa gharama, nitafika huko.

Shairi: gazeti au jarida la mtandaoni

Mjomba wangu ni wa kizazi kilichopeleka mashairi gazetini kwa bahasha na stempu. Ukimsomea shairi haanzi kusikiliza maana. Anahesabu kwa vidole juu ya goti, midomo inacheza. Nilipomsomea la kivuko alifika ubeti wa nne akanyoosha kidole.

"Hapo utao una saba, mpwa wangu. Mhariri hata hakurudishii. Anatupa."

Alikuwa sahihi: utao, ile nusu ya pili ya mstari, ulikuwa na silabi saba badala ya nane. Nikarekebisha. Ubeti wa kwanza, aliouachia upite, ulianza hivi:

Kivuko chasubiriwa, na jua lapanda juu,
Mizigo yainuliwa, pamejaa guu kwa guu.

Mizani, yaani silabi, nane kwa nane, kina cha kati "wa", cha mwisho "u". Hiyo ndiyo tikiti ya kuingilia ukurasa wa mashairi wa gazeti la Kiswahili, na imekuwa hivyo tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923 na kuchapa mashairi ya wasomaji wake. Ule ubishi wa miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi yasiyo na vina na wanaarudhi, watetezi wa kanuni za vina na mizani, wakaja juu, vyuoni umekwisha zamani. Kwenye kurasa za magazeti, kwa nilivyoona mimi, haujakwisha. Shairi huru huchapwa mara moja moja, na mtunzi wake hukaribishwa na majibu ya wazee wanaomuuliza kama ameandika shairi au taarifa ya habari.

Sasa lichukue shairi lilo hilo ulipeleke kwenye jarida la mtandaoni la Kiingereza. Kwanza utalitafsiri, na kina ndicho kitu cha kwanza kufa. Ukijitahidi kukifufua kwa Kiingereza, kila nusu ya mstari na kina chake, linageuka wimbo wa chekechea. Wahariri wa huko wamezoea shairi huru, wanataka taswira na mstari unaovunjika pasipotarajiwa. Kwa hiyo sifa ile ile inayokupa nafasi gazetini ndiyo inayokuponza ng'ambo, na kinyume chake. Hili peke yake linaamua zaidi ya nusu ya mashairi yangu. La arudhi huenda gazetini. La huru, lililozaliwa na taswira moja na halina hamu ya kuimbwa, huenda jaridani.

Tofauti ya pili ni jinsi unavyojibiwa. Gazeti lisipolitaka shairi, kimya ndiyo barua yake. Likilitaka, pia kimya: unanunua gazeti kila wiki hadi ulione, au unapigiwa simu na mtu wa Korogwe kwamba jina lako limeonekana. Mimi niliona la kivuko wiki ya sita. Lilikuwa limebadilishwa neno moja, na neno hilo likaua kina cha ubeti wa tatu. Mbele ya taifa zima nikaonekana mtunzi asiyejua vina. Gazeti silitaji, na sikulalamika, maana hakuna wa kumlalamikia. Ukurasa umeshafungiwa vitumbua.

Lakini wiki mbili baadaye likaja jibu. Bwana mmoja wa Tabora, simjui, alinijibu kwa beti tisa, akinikosoa kwamba nimewalilia abiria nikawasahau mabaharia wa kivuko. Alifuata bahari yangu ile ile (aina ya utungo) na vina vyangu vya kituo, yaani mstari wa mwisho wa ubeti. Nikamjibu. Akaingia wa tatu, wa Lindi, akitusuluhisha. Malumbano hayo yalichukua karibu miezi minne, na katika miaka tisa sijapata wasomaji wanaonisoma kwa makini namna ile. Shairi langu lililotoka kwenye jarida la mtandaoni lilikaa mahali pazuri, fonti nzuri, wasifu wangu na picha yangu chini yake. Walioniandikia kuhusu shairi hilo ni wawili, mmoja wao akiniuza huduma ya kusahihisha miswada.

Malipo? Gazeti halijanilipa hata shilingi. Majarida mengi ya mashairi ya ng'ambo nayo hayalipi, au yanalipa kiasi cha kununua chakula cha mchana cha watu wawili. Hapo ni sare, tusidanganyane.

Tofauti inayonigusa mimi ni ya mwali. Shairi lililotoka gazetini haliwezi kwenda tena kwenye jarida linalotaka kazi mpya, ila laweza kuingia kwenye diwani yako, kitabu chako cha mashairi, siku ukiikusanya. Kata kipande cha gazeti, andika tarehe, kihifadhi. Siku ya diwani utakihitaji kwa ukurasa wa shukrani. Kwa kuwa mlango wa jarida la Kiingereza ulikuwa umeshafungwa na vina vyenyewe, gazeti halikunipotezea kitu. Ndiyo maana kwa tarbia na takhmisa (ya mistari mitano) sisiti hata dakika.

Kuna majarida ya huku nyumbani yaliyojaribu kuwa katikati. Jalada, lililoanzishwa mwaka 2013 na waandishi vijana wa Kiafrika na makao yake Nairobi, mwaka 2016 lilitoa toleo la tafsiri ambamo hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Gikuyu, ilitafsiriwa kwa lugha kadhaa za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na idadi ikazidi kupanda. Lolwe, lililoanzishwa na Troy Onyango mwaka 2020, huchapa hadithi, mashairi na insha kwa Kiingereza, na limewafikisha waandishi wa Afrika mbali. Ushauri wangu kwa majarida ya namna hii ni mmoja: kabla ya kutuma, tazama toleo la mwisho lilitoka lini. Mengi huendeshwa kwa ruzuku na kwa watu wanaojitolea usiku baada ya kazi. Niliwahi kungoja jibu la jarida moja miezi kumi na minne, kumbe lilikuwa limekufa na hakuna aliyetangaza msiba.

Hadithi fupi: hapa mizani inabadilika

Gazeti silihesabu tena. Magazeti yetu yamezoea hadithi za mfululizo, za mapenzi na upelelezi, sehemu ya 1 hadi ya 60, na mhariri hutaka mtu atakayemletea kila wiki bila kukosa. Hadithi moja ya maneno 3,400 yenye mwisho wake haina pa kukaa. Majarida ya taasisi za Kiswahili vyuoni nayo ni ya makala za kitaaluma. Ukipeleka hadithi watakuuliza nadharia yako ni ipi. Ikabaki milango mitatu.

Mkusanyo wa hadithi kwa shule ndio niliousikia zaidi kwa rafiki yangu wa Mombasa. Kenya ina mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, na Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ni ya fasihi, hadithi fupi zikiwamo. Wachapishaji hutoa wito, wahariri hukusanya hadithi kumi na kadhaa kutoka kwa watunzi mbalimbali, na mkusanyo ukichaguliwa kutahiniwa husomwa na wanafunzi wa nchi nzima kwa miaka kadhaa. Hakuna jarida la fasihi duniani litakalokupa wasomaji kiasi hicho wanaokariri jina la mhusika wako kwa hofu ya mtihani.

Ubaya wake uko kwenye karatasi ya mkataba. Rafiki yangu alilipwa mara moja, kiasi cha kununulia simu ya kawaida, pamoja na nakala mbili za kitabu. Mrabaha, yaani fungu la mauzo ya kitabu, hakuna. Na alikuwa ameuza haki zote: hawezi kuiweka hadithi yake mwenyewe kwenye kitabu chake mwenyewe bila kuomba ruhusa. Nilipomuuliza kama aliusoma mkataba alicheka. "Nilisoma pale penye pesa, ndugu yangu." Ukipelekewa mkataba wa namna hiyo, tafuta maneno matatu: haki zote, milele, mrabaha. Ukikuta mawili ya kwanza bila la tatu, omba yabadilishwe yawe haki ya kuchapa katika mkusanyo huo tu. Wengine hukubali, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Jambo jingine ni maadili ya mtaala. Jini wangu alikuwa na mdomo mchafu. Kitabu cha shule kingenitaka nimwoshe mdomo, na hadithi ingebaki na mihogo tu. Mlango huo nikaufunga mwenyewe.

Vikabaki shindano na jarida la ng'ambo. Hapa ndipo nilipokaa wiki nzima nikipima.

Shindano nililolifikiria ni la hadithi fupi la Jumuiya ya Madola, Commonwealth Short Story Prize. Halina ada. Linataka hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000 ambayo haijachapishwa, mwandishi awe raia wa nchi mwanachama na awe ametimiza miaka 18. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba. Mshindi wa kila kanda, kanda zikiwa tano, hupata pauni 2,500. Wa jumla pauni 5,000. Na jambo ambalo watunzi wengi wa Kiswahili hawalijui: linapokea hadithi kwa Kiswahili. Mwaka 2014 mshindi wa jumla alitoka kwa jirani zetu Uganda, Jennifer Nansubuga Makumbi, ingawa yeye aliandika kwa Kiingereza.

Uraia unawaacha nje wengi tunaosema nao lugha moja. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo, Mnyarwanda amekuwamo tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009. Mtunzi wa Lubumbashi au Bujumbura hayumo, wala Mswahili mwenye uraia wa Oman. Kwao mlango huu haupo kabisa, warukie aya zinazofuata.

Jarida la ng'ambo nililolilinganisha nalo ni la hadithi za ajabu na za sayansi, kwa sababu ya yule jini. Majarida ya kundi hili hulipa kwa neno. Clarkesworld, la Marekani, lililoanza mwaka 2006, limekuwa likilipa senti 12 za dola kwa neno au zaidi. Strange Horizons, lililoanza mwaka 2000, limekuwa likilipa senti 10. Hayatozi ada ya kusomewa. Ukilinganisha na majarida mengi ya fasihi ya vyuo vya Marekani, yanayotoza kama dola 3 kwa kila kazi unayotuma na mara nyingi hayalipi, hawa ni waungwana. (Dola 3 si kitu mpaka uzizidishe mara ishirini, na ishirini ni idadi ya kawaida ya kukataliwa kwa hadithi moja.)

Hapa kuna hesabu iliyonishangaza mwenyewe. Kiswahili hubana maneno. "Nisingalimwambia" ni neno moja kwetu. Mwingereza anahitaji matano au sita. Hadithi yangu ya maneno 3,400, nilipoitafsiri, ikawa 4,600. Kwa senti 10 hizo ni dola 460. Kiswahili changu kingelipwa kwa kiwango hicho kingekuwa dola 340. Kwa anayelipa kwa neno, tafsiri inakuongezea mshahara. Kwa shindano lenye kikomo cha maneno 5,000 mambo ni kinyume: anayeandika kwa Kiswahili anapata nafasi kubwa zaidi ya kusimulia kuliko anayeandika kwa Kiingereza, chini ya kikomo kile kile. Hadithi yangu kwa Kiingereza ilikuwa imekaribia ukuta. Kwa Kiswahili bado nilikuwa na maneno 1,600 ya kuchezea.

Jibu nalo. Majarida ya hadithi za ajabu baadhi yao hujibu kwa siku chache. Nimewahi kukataliwa usiku wa siku ile ile, kabla sijamaliza kuosha vyombo. Shindano linakuweka toka Novemba hadi mwaka unaofuata, na usipokuwamo kwenye orodha fupi hakuna anayekueleza kwa nini. Jarida lililokukataa leo linakuacha huru kesho kupeleka kwingine. Tahadhari ni kwamba baadhi, Clarkesworld likiwamo, hayataki uwe umepeleka kazi hiyo hiyo kwingine wakati wakiisoma. Nina daftari lenye safu nne: kazi, mahali, tarehe ya kutuma, tarehe ya jibu. Bila daftari utaaibika siku moja, na wahariri wana kumbukumbu ndefu.

Kuhusu kompyuta zinazoandika zenyewe: Februari 2023 Clarkesworld lilifunga dirisha lake kwa muda baada ya kufurikwa na hadithi mamia zilizotungwa na programu. Tangu hapo majarida mengi hukutaka ukiri kwamba kazi ni yako. Baadhi yanataka hata tafsiri isiwe ya mashine. Kwa sisi tunaotafsiri kutoka Kiswahili hilo ni la kuangalia: ukiipitisha hadithi kwenye programu ya kutafsiri "ili kuharakisha", umeshavunja sharti, na mhariri mzoefu huiona harufu.

Gharama ya kujitafsiri

Hili halimo kwenye jedwali la mtu yeyote, nami nalipa uzito kuliko fedha. Mama wa mihogo katika hadithi yangu anamwamkia jini "shikamoo", kwa kuwa jini ana umri wa miaka mia nne na mama amelelewa vizuri. Kwa msomaji wa Kiswahili kicheko chote kimo mle: jini anababaika, hajawahi kuamkiwa, na kwa kuwa ameamkiwa inambidi aitike "marahaba", na akishaitika amekuwa mzazi, hawezi tena kumdhuru. Sentensi mbili. Kwa Kiingereza nilihitaji aya nzima ya maelezo, na kichekesho kilichoelezwa kimeshapoa. Mhariri mmoja wa jarida aliyenijibu kwa maneno yake mwenyewe (hilo ni heshima, wengi hutuma barua ile ile kwa wote) alisifu mihogo akasema hakuelewa kwa nini jini alishindwa. Hakuwa na kosa.

Rafiki yangu wa Mombasa anaona tofauti. Yeye huandika moja kwa moja kwa Kiingereza, anasema Kiswahili chake ni cha mashairi na Kiingereza chake ni cha hadithi, na hajitafsiri hata siku moja. Kwake jarida la ng'ambo linashinda bila ubishi, na ana ushahidi: njia ya waandishi wa Kenya kwenda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika kwa Kiingereza, imepita kwenye majarida na mikusanyo. Makena Onjerika alishinda mwaka 2018 kwa hadithi iliyotoka jarida la Wasafiri la London. Idza Luhumyo, mwaka 2022, kwa hadithi iliyotoka kwenye mkusanyo wa Short Story Day Africa. Tuzo ile haiombwi na mwandishi, mchapishaji ndiye anayepeleka kazi iliyokwisha kuchapwa. Asiyechapwa kwa Kiingereza, au asiyetafsiriwa, hayumo. Nakubaliana naye. Ila aya ya "shikamoo" haiandikiki kwa Kiingereza, nami sikuwa tayari kuitoa.

Upande wa fedha kuna mtego mmoja. Majarida ya ng'ambo mengi hulipa kwa PayPal. Kenya unaweza kuzitoa kupitia M-Pesa. Kwa akaunti ya Tanzania, kwa miaka mingi PayPal imekuwa ya kulipia tu, si ya kupokelea. Uliza mapema kama watatuma benki, kwa sababu makato ya benki kwa malipo ya dola 40 ya shairi huacha kitu cha kuchekesha. Jarida la Marekani laweza pia kukutaka ujaze fomu ya W-8BEN, ya kuonyesha kwamba wewe si mlipa kodi wa kule. Usiiogope, ni ukurasa mmoja.

Kosa langu, na nilichochagua

Nilichagua shindano. Hadithi ibaki Kiswahili, isomwe na anayejua uzito wa "marahaba", na ikishindwa bado tafsiri ya Kiingereza ningeweza kuipeleka jaridani. Kwa mpangilio huo sikupoteza mlango hata mmoja, kwa kuwa kushindwa shindanoni si kuchapwa. Kinyume chake hakiwezekani: ningeanza na jarida, likaikubali, shindano lingekuwa limekwisha, maana hadithi iliyotoka kwa lugha nyingine bado imetoka. Kwa hiyo mfuatano ni shindano kwanza, jarida baadaye, kitabu mwisho. Nauweka wazi hapa kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Oktoba ile, wiki mbili kabla ya dirisha kufungwa, nikasoma masharti mara ya mwisho. Ndipo nikakumbuka. Mwaka uliotangulia, usiku mmoja wa furaha, nilibandika nusu ya kwanza ya hadithi kwenye ukurasa wangu wa Facebook, watu wakanisifu, nikalala vizuri. Nusu hadithi, hadharani, kwa jina langu. Sharti lilikuwa wazi. Ningeweza kufuta na kunyamaza, na wenzangu wawili walinishauri hivyo. Sikuipeleka. Mwaka huo nilipeleka hadithi nyingine, dhaifu kuliko ile, na haikufika popote.

Kuna milango miwili nimeipita haraka kwa kuwa ni ya kitabu kizima, si ya kazi moja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023. Hutolewa 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, mshindi wa kwanza akipata shilingi milioni 10. Ni ya Watanzania. Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hushindaniwa na miswada pamoja na vitabu, na ilianza na zawadi za dola 15,000 kwa jumla. Ukiwa na mashairi hamsini yaliyokwisha kutoka gazetini, usiyahesabu kama yamezeeka. Huo ni muswada. Soma masharti ya mwaka husika uone kama kazi zilizotoka mojamoja zinaruhusiwa, kisha keti uzipange.

Ukinipigia simu leo nitakuuliza maswali mawili tu kabla ya yote: kazi yako ina vina? Na umeshaiweka mahali pa wazi? Ikiwa na vina, gazeti, na jiandae kujibiwa. Ikiwa hadithi, haijaonwa na mtu, na wewe ni raia wa nchi ya Madola, ngoja Septemba. Ukiandika Kiingereza bila kutafsiri kichwani, nenda jaridani sasa hivi, usingoje kitu. Mwenye shida ya fedha mwezi huu asitafute kwenye orodha hii, auze mihogo.

Jini wangu bado yuko nyumbani. Kwa kuwa nusu yake ilionwa, anafaa kitabu tu, nami nimeshaandika hadithi nyingine sita za kumweka pamoja nazo. La kivuko nalo limepata mwenzake: yule bwana wa Tabora alituma tena wiki iliyopita, beti kumi na moja, na mjomba ameshazihesabu. Anasema ubeti wa nane umepungua mizani moja, na kwamba nimjibu kabla wa Lindi hajaamka.